Vitabu vya Safari: Nani Alibeba Mzigo?

Vijana wengi wanaoanza kuandika huanza na safari. Ni jambo la kawaida, wala si la kuonea aibu. Hadithi inataka mtu atoke hapa aende pale, njiani apatwe na mambo, na msomaji abaki na hamu ya kujua kama atafika. Lakini hebu tazama hadithi tunazosomeana kwenye vikundi vyetu vya uandishi. Shujaa anaitwa Jack au Mike. Anapanda ndege. Anatua msituni, anakuta wenyeji wenye mikuki, wanamfunga kwenye mti, anaponyoka kwa ujanja na mfuko wa almasi begani. Mwandishi kazaliwa Temeke au Majengo. Watu wa namna hiyo hajawahi kuwaona popote ila vitabuni. Na wale "wenyeji wenye mikuki", ukiwachunguza sana, kumbe ni babu zake mwenyewe!

Tatizo si kusoma vitabu vya wageni. Mwenye kupata na asome, tena asome sana. Tatizo ni kusoma bila kuuliza. Kwa hiyo makala haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni kutaja vitabu kadhaa vya safari ambavyo kijana anayetaka kuandika asikose kuvisoma. Ya pili ni kutoa swali moja la kuvipimia vyote, vya wageni na vya kwetu. Swali lenyewe halihitaji shahada: katika safari hii, nani alibeba mzigo?

Almasi za Mfalme Sulemani

Tuanze na walipoanzia wazee wetu. Mwaka 1929 vilitoka vitabu viwili kwa Kiswahili vilivyotafsiriwa na Frederick Johnson. Kimoja ni *Kisiwa chenye Hazina* cha Robert Louis Stevenson, ambacho kwa Kiingereza kilitoka kama kitabu mwaka 1883. Cha pili ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani* cha H. Rider Haggard, cha mwaka 1885. Johnson huyo huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Maana yake nini? Maana yake Kiswahili sanifu na hadithi za almasi vilitufikia katika kapu moja. Mwanafunzi aliyejifunza tahajia mpya alijifunza pia kwamba safari ni kitu kinachofanywa na Mzungu, na Mwafrika ni mtu anayekutwa njiani.

Tusiwe wachoyo, tuwape waandishi hawa haki yao. Stevenson ni fundi. Ukitaka kujua namna ya kumfanya msomaji ashike pumzi, tafuta ile sehemu kijana Jim amejificha ndani ya pipa la matofaa, na huko ndani anasikia mabaharia wakipanga kuasi. Hakuna bunduki wala mbio. Kuna mtoto ndani ya pipa, na sauti za watu wazima nje. Hatari yote imo katika kusikia. Mwandishi chipukizi akijifunza jambo hilo moja tu, hataandika tena kurasa kumi za mapanga.

Haggard naye anajua kusimulia. Msimulizi wake, Quatermain, ni mzee mwindaji ambaye mwenyewe anajiita mwoga. Hilo linamfanya aaminike. Lakini tumuulize swali letu. Waingereza watatu wanaondoka kwenda kutafuta hazina. Wanasindikizwa na Khiva, anayekufa kwa kuraruliwa na ndovu akimwokoa mmoja wao. Wanasindikizwa na Ventvögel, anayekufa kwa baridi pangoni. Wanampata Foulata, binti anayempenda Mwingereza mmoja, naye anachomwa kisu na yule bibi kizee Gagool. Sasa hesabu. Waingereza watatu walioondoka, wote watatu wanarudi, na almasi mfukoni. Kifo cha Foulata hasa ni cha kutilia shaka: angeishi, mwandishi angelazimika kusema kama Mwingereza yule atamwoa. Kisu cha Gagool kimemwondolea Haggard swali asilotaka kulijibu.

Soma kitabu hicho, lakini kalamu ikiwa mkononi. Kila anapokufa mtu, andika pembeni alikuwa nani na alikufa kwa faida ya nani. Utajifunza uandishi, na utajifunza siasa bila mhadhara.

Mgeni aliyetazama vyombo

Si kila mgeni aliyepita kwetu alikuja na macho ya Haggard. Ibn Battuta aliondoka Tangier, Moroko, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Karibu na mwaka 1331 alipita pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, hadi Kilwa. Alirudi kwao baada ya miaka mingi, akamsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika kati ya miaka ya 1350.

Kinachopendeza kwa Ibn Battuta ni jinsi anavyoangalia vitu vidogo. Mogadishu anatuambia walikula wali wenye samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa anaona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na anaeleza jinsi watu wanavyochota maji kisimani na kunawa miguu kabla ya kuingia. Kilwa anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na kumsifu sultani wake kwa ukarimu.

Jamani, karne saba karibu zimepita na bado tunaona maji yakimwagika miguuni! Huyu hakuhitaji simba wala mapigano. Alihitaji kutazama mtu akinawa.

Hata hivyo naye tumuulize. Ibn Battuta alisafiri kama mwanachuoni wa sheria, akipokelewa na wakubwa, akipewa chakula na mavazi. Watumwa wamo katika kitabu chake kama mali na kama zawadi, na yeye haoni ajabu. Macho yake makali kwa chakula na misikiti ni mazito kwa mtu anayepika chakula chenyewe. Jicho zuri pekee halitoshi. Linataka kujua pa kuangalia.

Mwenye bunduki na kalamu

Sasa tuje nyumbani, mahali ambapo wengi wetu hatujui kwamba tuna hazina. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alizaliwa Unguja miaka ya 1830 na kufariki huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akayatoa tena, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Hiki huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili, na karibu yote ni safari.

Kwa lugha, kitabu hiki ni chuo. Kiswahili kina kile kiambishi cha -ka-, nacho kama kiliumbwa kwa ajili ya njia: mtu akaondoka, akafika, akalala, akaondoka tena. Tippu Tip anakitumia bila kuchoka. Hapambi. Hatuambii jua lilichwa vipi. Anatuambia amefika wapi, amekutana na nani, bei ya pembe ilikuwaje, nani alimdanganya, na yeye alimdanganya nani. Livingstone, Cameron na Stanley wanapita humo kama wageni wenye shida zao. Kwa msomaji aliyezoea kuwaona hao kama mashujaa, kuwakuta wakiwa watu wa pembeni katika hadithi ya mtu mwingine ni dawa.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwandishi akisome. Huko Utetera, katika Kongo ya leo, Tippu Tip anamweleza mtawala mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, kwamba bibi yake mwenyewe alikuwa binti wa ukoo huo aliyetekwa zamani. Mzee anakubali, na anamkabidhi utawala. Yaani mtu alitunga hadithi, na hadithi ikampa nchi! Sisi tunaolalamika kwamba uandishi haulipi, tufikirie kidogo juu ya nguvu ya neno, na juu ya hatari yake.

Maana hapo ndipo swali letu linapouma. Nani alibeba mzigo wa Tippu Tip? Anatujibu mwenyewe. Mapema katika safari zake wapagazi wa Kizaramo walimkimbia. Akaingia vijijini kwao, akakamata watu mamia, akawafunga na kuwapeleka njiani. Anasimulia pia jina alilopewa kwa kitendo hicho, Kingugwa, kama mtu anayesimulia sifa. Haoni haya, wala hatetemeki. Wakubwa anaokutana nao wana majina na nasaba. Waliobeba pembe karibu hawana.

Wako watakaosema: basi kitabu hicho kitupwe, ni cha mfanyabiashara wa watumwa. Mimi nasema hapana. Kitabu kizuri kwa fani na kiovu kwa matendo ni shule ngumu, lakini ni shule. Ukikitupa, utabaki na Haggard. Ukikisifu bila kusema kitu, utakuwa umempokea Kingugwa sebuleni. Mhakiki kazi yake ni kusema yote mawili kwa sauti ile ile: hapa Kiswahili kinatembea vizuri, na hapa kinatembea juu ya migongo ya watu.

Mtumishi aliyekwenda Siberia

Je, kipo kitabu ambamo mbeba mzigo ndiye mwenye kalamu? Kipo. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, alichapisha mkusanyo uitwao *Safari za Wasuaheli*. Humo wamo watu waliosafiri bara, na humo yumo Selim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dokta Bumiller.

Hebu fikiri kidogo. Miaka ile ile Ulaya imejaa vitabu vya Wazungu waliokwenda "Afrika ya giza", Mswahili anaandika habari za baridi ya Siberia, za miji ya Warusi, za makabila ya nyika na dini zao. Yeye ndiye anayetazama, wao ndio wanaotazamwa. Wenyeji wa huko ndio wenye desturi za ajabu. Naye anawaeleza kwa utulivu kama mtu anayewaeleza jirani zake kitu alichokiona sokoni. Lugha inayotumika kueleza msafara wa Tabora inatumika kueleza theluji, na inatosha. Yule anayesema Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya mbali, apewe safari hii asome.

Lakini tusijidanganye. Maandishi haya yalikusanywa kufundishia lugha Berlin, na wanafunzi wengi walikuwa wakijiandaa kwenda kutawala huku. Anayeandika huku bwana wake akisoma hupima maneno. Basi usitegemee kukuta humo lawama kali. Soma yaliyoandikwa, kisha jiulize ni yapi mtumishi huyu angeyasema usiku, akiwa na Waswahili wenzake, mlango umefungwa.

Ushahidi wa ukimya huo tunao. Katika mkusanyo huo huo yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyesimulia safari yake ya Udoe na Uzigua. Ndiye mwandishi mkuu wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha mwaka 1903. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki, serikali ya koloni ikawazuia, wakalazimika kurejea Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuishi tena kwao. Sasa niambie, ndugu msomaji: ni safari ipi kubwa, ile ya Udoe au hii ya meli iliyofika karibu na nyumbani ikageuzwa? Kitabu cha safari hiyo ya pili kutoka kwa mkono wake hatuna.

Maneno yaliyobaki njiani

Faida nyingine ya kusoma vitabu hivi ni lugha yenyewe. Leo tunasema "hongo" tukimaanisha rushwa. Kwenye misafara hongo ilikuwa ushuru uliolipwa wazi wazi kwa mtawala wa nchi ili msafara upite. Leo tunagombania "posho" za vikao. Posho ya mpagazi ilikuwa kipimo cha chakula chake, na bila hicho hakuna hatua iliyopigwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na vitu vyake mwenyewe. Jaribu kubeba gunia la uzito huo kutoka nyumbani hadi kituo cha basi, kisha ufikirie kutoka Ujiji hadi Bagamoyo.

Mwandishi anayejua maneno haya yalikotoka ana mali mkononi. Anaweza kuandika hadithi ya mhasibu anayekula posho za wenzake, na chini yake ikasikika njia nzima ya msafara bila kuitaja.

Waliochukua kijiti

Anayetaka kuona maandishi hayo ya zamani yanavyoweza kuzaa riwaya asome *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Unguja, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya hiyo sasa ipo kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Wahakiki wameonyesha jinsi inavyozungumza na zile safari za Wasuaheli. Lakini tazama alichobadilisha. Anayefuatwa si tajiri mwenye msafara. Ni Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Swali letu la nani alibeba mzigo linapata jibu jipya: mtoto mwenyewe ni mzigo, anahamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na ulimwengu wa msafara tunauona kwa macho yake. Hapo ndipo mwandishi alipomjibu Tippu Tip, na Haggard pia, bila kuwatukana.

Na anayetaka safari ya kijana wa jana tu, asome *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi, ya mwaka 2013. Ni simulizi ya safari ya ujana wake, kutoka Unguja kuelekea kaskazini hadi Sudan na Misri, akitamani kufika Ulaya. Mfuko mwepesi, mipaka mingi, na Kiswahili kitamu cha Unguja. Humu msafiri hana wapagazi. Mzigo ni wake. Pengine ndiyo maana kila mtu anayemsaidia njiani anaonekana mkubwa: msafiri maskini humkumbuka aliyempa chakula. Msafiri tajiri humkumbuka aliyemwibia.

Tuandike nini?

Kwa anayeuliza aanze wapi, ushauri wangu ni huu. Anza na *Mbali na Nyumbani*, kwa sababu lugha yake ni ya leo na utaimaliza haraka. Kisha *Peponi*. Ukishaingiwa na hamu, nenda maktaba ya chuo kikuu ukaulize Tippu Tip na zile *Safari za Wasuaheli*. Baadhi ya hizo Lyndon Harries alizitoa tena, Kiswahili na Kiingereza, mwaka 1965 katika *Swahili Prose Texts*. Haggard mweke mwisho. Ukimsoma baada ya hawa, utaona mbinu zake na hatakulevya.

Halafu kaa uandike. Usiniambie huna pasipoti. Basi la usiku kutoka Mwanza kuja Dar lina watu hamsini na zaidi, na kila mmoja ana sababu ya kuwemo. Yupo mama anayehamia mjini na kuku wawili. Yupo utingo asiyelala. Yupo kijana aliyebeba barua ya mtu mwingine. Safari ipo tayari, inangoja mtu wa kuuliza maswali.

Na unapoandika, mtafute yule asiye na jina. Katika misafara ile walikuwamo wanawake waliotembea nyuma ya waume zao, sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na jioni wapagazi wanapotua mizigo wao ndio kwanza wanaanza kazi ya kupika. Sijakuta hata mmoja wao aliyeandikiwa kitabu chake. Hadithi hiyo haiko Berlin wala Zanzibar. Pengine kipande chake kipo kwa bibi yako, anayejua ukoo wenu ulitoka wapi, nani alikufia njiani na nani alibaki Tabora. Mfuate bado yupo. Mwulize nani alibeba nini, uandike jina.